Kabla ya Kumpandisha Nekesa Lorini

Dandora,
usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Nanjala,

Barua njema huanza kwa kumuuliza anayeandikiwa hali yake. Mimi sitakuuliza, kwa sababu kinachotutenganisha ni ukuta wa mbao tu, nami nasikia unavyogeuka kitandani. Sanduku umekwisha kulifunga. Hatamu ya baba yako umeiweka juu yake isije ikasahaulika. Kesho lori litawachukua, wewe na Nekesa, liwapeleke Molo, na kwa mara ya kwanza tangu baba yako atutoke hakutakuwa na mlio wa kwato nyuma ya nyumba hii.

Sitakuandikia habari za pumba, wala maji, wala namna ya kumtembeza msokoto wa tumbo unapomshika. Hayo unayajua kunizidi. Nina jambo moja la leo alasiri ambalo linahusu kama Nekesa anafaa kusafiri kesho au hafai. Ni jambo dogo, au pengine si dogo. Hapo ndipo ugumu wake ulipo. Nitakueleza yote, lakini siwezi kulieleza vizuri bila kupita kwanza mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa.

Ulikuwa mdogo Nekesa alipokuja, kwa hiyo huenda unamkumbuka farasi tu na si kisa chake. Baba yako alikuwa saisi katika mazizi ya farasi wa mashindano, upande wa pili wa jiji. Mwenye farasi alikuwa akifunga virago kurudi kwao, na farasi wote walipata wanunuzi isipokuwa jike mmoja mwekundu ambaye tumbo lake lilijulikana na kila mtu. Halikuwa tumbo la kufa. Lilimsokota leo, likamwachilia kesho, likakaa kimya mwezi mzima, kisha likarudi. Mwenyewe aliona huruma ya pekee iliyobaki ni risasi. Baba yako aliomba apewe huyo badala ya zawadi ya kuagana, akatembea naye kwa miguu kutoka kule hadi huku, akilikata jiji lote katikati, watu wakisimama milangoni kumtazama kana kwamba anasindikiza gwaride.

Kukhu yako, mama yake baba yako, alikuwa amekuja kututembelea siku hizo. Alitoka nje, akamtazama mnyama, akamtazama mwanawe.

“Wafula, huyu naye anaitwa nani?”

“Nekesa, Mama.”

“Umempa farasi jina la shangazi yangu?”

“Shangazi yako alikuwa mrembo, Mama.”

“Alikuwa mrembo, lakini hakuwa na kwato.”

Nawe, uliyekuwa umejificha nyuma ya gauni langu, ukasema kwa hasira ambayo hadi leo hunichekesha: “Farasi amepewa jina la mavuno, mimi nimepewa la njaa!”

Ilichukua muda kumfundisha kuvuta gari, maana alizaliwa kukimbia. Hatimaye alikubali, na wakati ule Dandora yote ilikuwa ikijengwa. Kila mwenye kiwanja alihitaji mchanga na kokoto. Nyumba nyingi unazoziona kutoka mlangoni petu zilisimama kwa mchanga aliouvuta yeye. Nimelifikiria sana jambo hilo mwaka huu, kwa kuwa ni nyumba hizo hizo zilizokula uwanja alimokuwa akitembezwa, na farasi mwenye tumbo kama lake akikosa mahali pa kutembea hana siku nyingi. Ndiyo maana unaondoka naye. Nakwambia haya ili ujue kwamba siwaachilii mwende kwa sababu nimechoka nanyi.

Unakumbuka jinsi mtaa ulivyonyamaza? Sidhani kama kuna mtaa mwingine wenye desturi ile. Nekesa akianza kugeuka kuutazama ubavu wake, kuparua ardhi kwa ukwato na kukunja mdomo wa juu, baba yako alimtembeza, kisha mimi niliweka sikio ubavuni kusikiliza kama matumbo yananguruma. Tumbo la farasi mzima husema wakati wote, kama mvua juu ya mabati ya jirani. Tumbo lililonyamaza ndilo la kuogopwa. Kwa hiyo mtu alipaza sauti, “Mwalimu ameweka sikio!” na redio zikazimwa, vinu vikasimama, hata fundi wa makarai akashusha nyundo yake. Na baadaye, mambo yalipofunguka, watoto walikimbia vichochoroni wakipiga kelele, “Nekesa amekunya! Nekesa amekunya!” Mama Wambui, jirani yetu wa mkono wa kulia, alijibu kutoka kwenye karai lake la maandazi, “Asifiwe Bwana! Sasa fungueni redio!”

Tulikuwa tukicheka. Nataka ukumbuke kwamba tulikuwa tukicheka, kwa sababu mtu akizoea kucheka baada ya hofu huanza kuihesabu hofu yenyewe kuwa sehemu ya kicheko. Baba yako alikuwa na msemo wake: “Ni kidogo tu, utapita.” Nao ulipita, kila mara.

Mimi sikutosheka na kupita. Nilitaka kujua sababu. Hiyo ni tabia yangu, na chuo kikuu hakikunipa tabia hiyo, kiliipa tu heshima. Niliona kwamba msokoto ulipenda Jumatatu. Nikaona pia kwamba Kukhu, kila akiwa kwetu, aliisimamia Jumapili ya Nekesa kama mzee wa kanisa: farasi afunguliwe gari, asitembezwe, asimame kivulini siku nzima, kwa kuwa amri inayompumzisha mwanadamu inamtaja na mnyama wake. Tena, kwa kuwa Jumapili ni sikukuu, alimwongezea pumba na kumvunjia kipande cha sukari guru kilichotoka nyumbani. Nawe ulikuwa ukimsaidia, ukimlambisha kiganjani.

Nikawaambia jinsi nilivyoelewa: matumbo ya farasi ni marefu na yamejiviringa, na mnyama huyu hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia hakina njia ya kurudi, sharti kiende mbele, na ili kiende, yeye mwenyewe aende. Kumsimamisha siku nzima na kumshibisha siku hiyo hiyo ni kumtafutia maumivu kwa upendo.

Kukhu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, na hatujasikia kwamba tumbo lilimsokota.”

Nilishinda ubishi ule. Nekesa akaanza kutembezwa Jumapili, nawe ndiwe uliyemtembeza, umevaa gauni la ibada na soksi nyeupe. Yule kijana wa plot ya nyuma akakutania, “Niaje, Nanjala! Leo farasi ndio inaenda church?” Ukamjibu bila kugeuka, “Ndiyo, imekushinda wewe!” Na Jumatatu zikaja zikapita bila msokoto. Msimu mzima, nadhani. Zilipita za kutosha hata nikaacha kuzingoja. Niliwasimulia walimu wenzangu. Kukhu aliporudi shambani kwake hakusema neno, nami nilikichukua kimya chake kuwa ni kukubali. Leo sina hakika. Pengine alikuwa akinihurumia.

Sasa nimefika mahali pale.

Ilikuwa likizo ya Agosti, wakati wa baridi ile inayoingia hadi kwenye mifupa ya mikono. Wewe ulikuwa umekwenda kwa Kukhu. Haikuwa Jumatatu, na Jumapili yake Nekesa alikuwa ametembezwa vizuri. Asubuhi nilitoka nje nikamkuta baba yako tayari anamzungusha uwanjani. Nekesa alikuwa ameshalala chini mara kadhaa na kuinuka, ubavu umejaa vumbi.

Laiti ningeweza kukwambia kwamba jambo la kwanza nililohisi lilikuwa huruma. Lilikuwa kuudhika. Jibu langu lilikuwa limevunjika mbele ya macho yangu, nami nilitaka kujua nani amelivunja. Nikatembea kando ya baba yako nikimuuliza. Alikula nini jana? Pumba zilikuwa kavu? Maji alimaliza? Kuna mfuko wa nailoni uliopeperushwa na upepo kutoka jalalani akautafuna? Nilimuuliza maswali mengi sana asubuhi ile, mwanangu, na yote yalihusu farasi.

Alinijibu kwa ufupi, lakini baba yako hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akitokwa jasho. Niliona jasho la Nekesa shingoni, nikalipima kwa kiganja, nikasema, “Leo anatoka jasho jingi.” La baba yako nililiona pia. Hapo ndipo ninaposhikwa hadi leo: niliona. Macho yangu yalilipokea, na akili yangu, iliyokuwa na kazi nyingine, ikaliweka kando.

Mara mbili alisimama akaegemeza paji la uso wake ubavuni mwa Nekesa, akafumba macho, akakaa hivyo. Nilidhani anasikiliza.

Kwa hiyo nami nikazunguka upande wa pili, nikaweka sikio langu. Mtu akapaza sauti kama kawaida, redio zikazimwa. Tukawa tumesimama hivyo, yeye ubavu wa kulia, mimi wa kushoto, mnyama katikati yetu, na mtaa mzima umetunyamazia. Kisha nikausikia mngurumo, wa mbali kwanza, halafu mrefu. Nikapiga kelele kama mtoto: “Wafula! Linanguruma! Linanguruma!”

“Nilikwambia ni kidogo,” akasema.

Haikuchukua muda Nekesa akafunguka, na watoto wakakimbia na habari yao vichochoroni. Baba yako alipindua ndoo akaikalia, mgongo kwenye mabati ya banda. Nilipita mbele yake nikienda kumchotea Nekesa maji ya uvuguvugu. Niliporudi na maji, Mama Wambui alikuwa amesimama kwenye ua, kijiti cha kugeuzia maandazi bado kimo mkononi.

“Mwalimu,” akasema, “mzee wako mbona amekaa hivyo?”

Hayo mengine unayajua. Walimpakia kwenye pikapu ya mtu, na tulipofika hospitali hakukuwa na la kufanywa. Wewe uliporudi, ulipouliza kama Baba aliumwa, nilikujibu kwamba aliondoka bila maumivu. Nililijibu hilo haraka mno. Ukweli ni kwamba sijui, kwa sababu sikumuuliza, na mtu pekee aliyeweza kunijibu hakuwa na desturi ya kusema asipoulizwa. Daktari aliniambia kwamba hata ningemuuliza alfajiri ile huenda yasingebadilika mengi. Siku nyingine namwamini. Siku nyingine nafikiri aliniona jinsi nilivyokuwa na maji ya farasi kwenye sketi yangu, akaniambia kile ambacho mwanadamu humwambia mwenzake.

Kukhu alipokuja kwa mazishi alikwenda moja kwa moja hadi bandani. Nilidhani atampiga. Alisema tu, “Huyu ndiye aliyemzungusha mwanangu hadi kaburini,” kisha akaondoka, na tangu siku ile hajalitamka tena jina la shangazi yake. Ndugu walishauri nimuuze. Sikumuuza, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa nikisema ni kwa heshima ya baba yako. Nikijichunguza zaidi naona huenda nilimweka kwa kuwa ndiye shahidi wa pekee. Yeye alijua uzito wa kichwa kile ubavuni mwake. Yeye alijua kama kilikuwa kikisikiliza.

Tangu hapo sijaweka sikio tena kwa Nekesa. Sidhani kama uliwahi kuona ajabu. Msokoto uliporudi ulikwenda wewe, kwanza ukiwa na Mama Wambui, kisha peke yako, nami nilisimama mlangoni nikisema nina madaftari ya kusahihisha. Ukawa hodari. Umemtibu kwa subira ambayo hukuirithi kwangu, na unapoitwa Molo kwenda kujifunza kazi ya mifugo hawakuiti kwa hisani. Lakini nimekusikia. Mwezi uliopita, ulipoingia na matope hadi magotini, nikakuuliza kutoka jikoni, ukanijibu, “Ni kidogo tu, Mama, umepita.” Kikombe kiliniponyoka. Ulidhani ni sabuni.

Nimelifikiria neno hilo muda mrefu. Naona kwamba hakuna mtu aliyewahi kujua kuwa maumivu ni kidogo yakiwa bado yapo. “Kidogo” ni jina tunaloyapa yakishaondoka. Yakiwa ndani ya mwili hayana kipimo, ni maumivu tu, na anayeyaita kidogo anaomba, hapimi. Huenda nakosea. Huenda mtu hawezi kuishi na farasi kama huyu, au na mtu yeyote, bila neno hilo, tungechanganyikiwa. Baba yako aliishi nalo, na Nekesa yu hai mpaka leo kwa sababu yeye hakuogopa kila kivuli. Kwa hiyo sikukatazi kulitumia. Nakuomba tu usilitumie kabla ya kuuliza.

Na kuhusu sababu: sikuipata. Kumtembeza Jumapili kulisaidia, naamini, na endelea nako hata wenyeji wa Molo wakikutazama vibaya saa ya ibada. Lakini nililipenda jibu langu kuliko nilivyompenda aliyekuwa akiumwa, na siku lilipoanguka nilishughulika kuliinua. Utakapokuwa na majibu yako, nayo yatakuwa bora kuliko yangu, sijui nikwambie uyafanyeje. Yashike, nadhani, kama unavyomshika yeye: kamba mkononi, lakini isiyokazwa.

Sasa leo alasiri. Ulikuwa umekwenda kuagana na rafiki zako kanisani. Nilipeleka nyasi bandani. Nekesa alizila, si kwa pupa, wala si kwa kuchagua. Kisha akageuza kichwa akautazama ubavu wake wa kushoto. Mara moja. Akakirudisha, akaendelea kula.

Nilisimama pale hadi nyasi zikaisha. Hakurudia. Hakuparua, hakukunja mdomo. Kulikuwa na nzi, hilo ni kweli, nilimwona mmoja. Lakini sikuona kama alitua ubavuni ule.

Uliporudi ulikuwa unaimba. Nikakuuliza kama wamekupa chakula. Sikukwambia.

Nimejaribu kuichunguza nafsi yangu kwa haki, kama ninavyowafundisha wanafunzi wachunguze ushahidi. Nikikwambia, utasimamisha safari, kwa kuwa mwendo mrefu lorini ni mbaya kwa tumbo lililoanza kujikunja, na anaweza kuanguka njiani mahali pasipo na msaada. Lori hili limepatikana kwa shida. Tukilirudisha, nafasi ile ya Molo haitakungoja. Utabaki. Je, niliona kichwa kikigeuka kwa sababu kiligeuka, au kwa sababu kuna mama ndani yangu anayetaka ubaki? Na nisipokwambia, je, ni kwa sababu alikuwa nzi, au kwa sababu naona aibu kuwa mama wa namna hiyo? Pande zote mbili najishuku. Nilidhani kuandika kungenionyesha njia, na kalamu imefika hapa bila kunionyesha.

Ninachokijua ni kimoja tu, nacho ni hiki: niliona. Niliwahi kuona jasho nikaliweka kando, kwa kuwa nilikuwa na hoja. Sitaliweka kando hili.

Kwa hiyo barua hii, niliyokusudia kuificha sandukuni uisome ukiwa mbali, nitaiweka chini ya hatamu ya baba yako, mahali ambapo mkono wako utaifikia kwanza kabisa. Ukiisoma, lori litakuwa bado halijafika. Njoo uniamshe, kama nitakuwa nimelala. Twende bandani pamoja. Wewe usimame ubavu wa kulia, mimi wa kushoto. Nitaweka sikio. Sijui kama bado linajua kusikia, lakini nitaliweka, na hatutaomba mtu azime redio. Tutakachokisikia ndicho tutakachokifuata. Kama anafaa kwenda, nitamshika kichwa akipanda. Kama hafai, lori litarudi bila ninyi, na hasira yako nitaichukua mimi.

Nilianza kwa kusema kwamba sina haja ya kukuuliza hali, kwa kuwa nakusikia kupitia ukutani. Nilikosea. Ndivyo nilivyofikiri nikiwa upande wa pili wa Nekesa pia. Basi u hali gani, Nanjala? Unaogopa? Nijibu asubuhi, kwa mdomo, hata kama ni kwa ukali.

Nasi tukishamsikiliza yeye, tukiwa bado tumesimama pale, niulize na mimi. Nikikujibu kwamba ni kidogo tu, usiniamini upesi. Niulize tena.

Mama yako